Betri Hutolewa Kwanza

Ushawahi kumtazama fundi wa pale Luthuli, Nairobi, akifungua laptopu? Anailaza kifudifudi, anatoa skrubu na kuzipanga kwa urefu. Ndefu ikirudi kwenye tundu la fupi inaweza kuharibu bodi, ndiyo maana hana haraka. Kifuniko kikitoka, hagusi diski wala memori. Anachomoa betri kwanza, kisha anabonyeza kitufe cha kuwashia ili stima iliyobaki iishe. Stima ikiwa bado ndani, hata kipande kipya kinaweza kuungua.

Wewe uliyesimamishwa kazi, au uliyewekwa kando katika huduma, najua unajiuliza kama Mungu amekutupa. Sisemi kila anayefutwa amefutwa na Bwana. Kuna mabosi wakorofi tu. Lakini fundi yule hachomoi betri ili aitupe kompyuta, anaichomoa ili aitengeneze. Musa alikaa Midiani miaka 40. Eliya alifichwa kijitoni Kerithi, akilishwa na kunguru.

Usilazimishe kujiwasha wiki hii. Leo saa tatu usiku tuko kwenye maombi. Nitumie jina lako tu, si lazima ueleze yaliyotokea.