Swali la 19

Kosa hili ni langu, na nimekaa nalo miezi minane. Ningeendelea kulikalia, ila kuna dada mmoja wa masjala anayetukanwa kwa ajili yake hadi leo, naye hakufanya lolote isipokuwa kazi yake.

Mtaani kwetu hapa Mombasa yupo mama auzaye mahamri na mbaazi tangu alfajiri. Mimi ni mteja wake wa kila siku. Tangu nilipomwandikia barua ya leseni ya biashara, alikuwa hapokei pesa yangu. "Weka, mwanangu, utaninunulia sukari Ramadhani." Mwanawe husukuma mkokoteni wa maji. Jumanne moja, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, matatu ilimgonga kwenye njia panda, ikamvunja mguu wa kulia mahali pawili, ikaenda zake. Hakuna aliyeshika nambari. Mashahidi walikubaliana jambo moja tu, kwamba ilikuwa nyeupe yenye mstari wa manjano. Nenda kasimame stendi yoyote uhesabu nyeupe zenye mstari wa manjano.

Polisini walipewa nambari ya OB, ya kitabu cha matukio, na fomu ya P3 ya majeraha ikajazwa. Lakini bila nambari ya gari, bima utaidai kwa nani? Siku ya nne mama akaniita kando ya karai lake. "Mwanangu, wewe ni mtu wa kalamu. Pale mlingotini si pana kamera? Hiyo si imeona?"

Nilikwenda kuitazama. Imefungwa juu ya mlingoti wa taa, imeelekea barabara moja kwa moja, kunguru wawili wametulia juu yake. Imeona, bila shaka.

Mtu mwenye akili angekwenda ofisi yenye kamera ile siku ile ile. Mimi nilikwenda nyumbani kufungua kompyuta, maana kichwani mwangu kulikuwa na kitu kikubwa zaidi. Mwaka 2014 serikali iliipa Safaricom kandarasi ya kuwafungia polisi mfumo wa mawasiliano pamoja na kamera 1,800 katika Nairobi na Mombasa, kwa takriban shilingi bilioni 15. Tangu hapo nimekuwa nikitamani kuandika makala ya kamera: ziko ngapi kweli, zinatazama wapi, nani anakaa mbele ya skrini, picha zinawekwa muda gani. Kaunti nazo zimefunga zao, wenye maduka zao. Sasa nilikuwa nimepata mlango wa kuingilia, na mlango wenyewe ulikuwa mguu wa mtoto wa mtu.

Barua ilinichukua siku tisa. Nilianza na kifungu cha 35 cha Katiba, nikashuka kwenye Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, nikanukuu mpaka kile kipengele kinachoruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kana kwamba kuna aliyenikataza Kiswahili. Kurasa nne, maswali 23. Idadi ya kamera. Ramani ya kila moja. Mkataba na bei yake. Programu ya kutambua sura, kama ipo. Majina ya vyeo vya wanaoruhusiwa kutazama. Ombi la mama, yaani picha za njia panda ile asubuhi ile, lilikuwa swali la 19. Baada yake nikaongeza mengine manne.

Dada wa masjala ya ofisi ile aliipokea, akaipindua kurasa, akaniuliza kwa upole, "Kaka, yote haya? Hakuna moja unalolitaka kwa haraka?"

Nikamjibu, "Sheria hainilazimu kutoa sababu."

Ni kweli, haikulazimu. Sheria inasema ofisi haiwezi kukunyima habari kwa sababu ya nia yako, wala kukutoza ada ya kupeleka ombi. Utalipa gharama ya nakala tu. Lakini yule dada hakuwa akinidai sababu. Alikuwa akinipa njia ya mkato, nami nikamfunga mdomo kwa kifungu. Akapiga muhuri kwenye nakala yangu, nikatoka nikijiona wakili.

Jibu lilikuja siku ya 20. Sheria inawapa siku 21. Yaani waliniwahi. Baadhi ya maswali walijibu vizuri, mengine walikataa kwa hoja ya usalama, na hayo ningeweza kuyapeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo hupelekewa maombi ya mapitio ndani ya siku 30. Nilipofika swali la 19 nikakuta mistari miwili: mashine hurekodi kwa siku 30, kisha picha mpya huandikwa juu ya zile za zamani, picha za tarehe hiyo hazipo tena.

Nilichukua kalenda. Nilipoitwa na mama, picha zilikuwa na siku nne. Nilipopeleka barua, zilikuwa na siku 13, na bado zilibakiwa na 17. Jibu lilipofika, ilikuwa siku ya 33. Diski haingoji sheria. Kwa ndugu zetu wa Tanzania, chini ya sheria yao ya mwaka huo huo wa 2016, ofisi hupewa siku 30 za kujibu. Huko hata barua ya siku ile ile ingeweza kujibiwa picha zimeshafutika.

Kilichotakiwa ni karatasi moja: "Tunaomba picha za kamera ya njia panda fulani, tarehe fulani, kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa kumi na mbili na robo asubuhi, zihifadhiwe zisifutwe, huku ombi letu likishughulikiwa. Nambari ya OB ni hii." Basi. Maswali yangu 22 yangekwenda kwa barua nyingine, wiki nyingine. Tena kulikuwa na njia fupi zaidi: kijana mwenyewe ndiye aliyeonekana pale, kwa hiyo angeweza kuomba picha zake kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo kanuni zake za 2021 zinataka ombi la namna hiyo litimizwe ndani ya siku saba. Njia hiyo niliijua. Sikuitaka kwa sababu haikuwa na makala ndani yake.

Na makala nikaiandika. Nilisema kwamba picha za ajali "zilitoweka huku ombi likiwa mikononi mwa ofisi". Ni kweli zilitoweka, na ni kweli ombi lilikuwa mikononi mwao. Ila kwa kuzipanga hivyo nilisema uongo, na niliujua nilipokuwa nikiupanga. Wasomaji walimaliza kazi iliyobaki. Kuna aliyeandika kwamba wa masjala amekula hongo ya mwenye matatu.

Mama naye aliamini hivyo. Juzi nilikwenda nikamweleza yote, nimesimama, maana sikuona uso wa kuketi. Alisikiliza huku akigeuza mahamri. Kijana alikuwa nyuma yake akimenya kitunguu. Mkokoteni hausukumi tena.

"Kwa hivyo ilikuwa karatasi moja tu?"

"Moja, mama."

Hakusema zaidi. Alinifungia mahamri manne kwenye gazeti, nikatoa noti kama kawaida yangu, nikijua ataikataa. Aliipokea, akanirudishia chenji.

Kwa yeyote aliyesoma makala yangu akaamini kwamba ofisi ile ilificha picha: haikuficha. Nilichelewa mimi, nami ndiye niliyewasingizia.