Saa ya Dawa, Newcastle na Busisi

Kilichompotea kwanza mzee mmoja wa Busisi ni harufu. Dagaa walianikwa hatua chache kutoka alipoketi, naye akawa anauliza kama mitumbwi imesharudi. Nyumbani wakacheka. Baadaye mkono wa kulia ukaanza kutetemeka ukiwa umetulia pajani, na vidole vilivyoshona nyavu tangu ujanani vikashindwa kukaza fundo. Majirani wakasema ni uzee. Wengine walinong'ona kuwa karogwa.

Aliyetambua ni binti yake, mtunza wazee huko Newcastle, Uingereza. Alikuja likizo, akamwamkia baba, akamwona anavyonyanyuka: hatua fupi fupi, uso umekakamaa, miguu inaganda mlangoni. Kazini alishawahudumia wengi wa hali hiyo. Hospitali ikathibitisha kuwa ni ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa taratibu, na mwili ukaacha kutii.

Newcastle, mgonjwa kama huyo huwa na muuguzi aliyesomea ugonjwa huo hasa. Dawa ya levodopa haiponyi, ila humrudishia mtu saa kadhaa za kutembea, na akishafikisha miaka 60 hailipii. Saa huheshimiwa mno. Chama cha Parkinson's UK kinazidai hospitali zimpe mgonjwa kidonge ndani ya dakika 30 za muda wake, kwa sababu kikichelewa mtu anaweza kushindwa hata kujigeuza kitandani. Protini nayo huizuia dawa isifyonzwe vizuri, ndiyo maana kidonge hutangulia mlo kwa nusu saa hivi.

Wabongo wa ughaibuni hupenda kujisifu kwamba kwao wazee hawatupwi. Ni kweli kabisa kwa mzee huyu: wajukuu walipokezana kumfunga vifungo vya shati, mkewe akamchambulia sato miba, na jirani akasimama mbele yake kizingitini akihesabu, "Moja, mbili, haya Mzee," mpaka miguu ikakubali. Lakini upendo huo wote haukuweza kushika nafasi ya kidonge. Duka hili hakipo, lile kipo kwa bei ya kutisha, na siku za kukosa mzee alishinda kitandani. Kwenda hospitali ya Bugando kulimaanisha foleni ya kivuko kuelekea Kigongo. Daraja la JPM la kuvukia hapo, la kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, alikuwa keshazikwa.

Naye alikuwa na bahati, maana aliujua ugonjwa wake. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta wagonjwa 33 kati ya watu wapatao 161,000. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini.

Msibani hakuna aliyesimulia kutetemeka kwake. Walimsimulia baba aliyesomesha watoto kwa sangara, aliyekataa binti aachishwe shule.

Ndugu uliye ughaibuni, ukienda likizo mtazame mzazi wako anavyotembea na anavyofunga vifungo. Mkono ukitetemeka ukiwa umetulia, mpeleke hospitali, kisha fedha ya dawa itume kila mwezi, kabla ya michango ya harusi.