Nani Atapanda, Nani Atashuka?

Ugonjwa wangu ni wa kale wala sina haja ya kuuficha: napenda mpira wa miguu, na zaidi ya mpira wenyewe napenda kutabiri. Mimi ni mkulima wa chai na ndizi huku Rungwe. Si mchezaji wala mwalimu wa michezo, na miguu yangu haikupata kusifiwa na mtu. Lakini ifikapo mwisho wa msimu, baridi inapoingia na ukungu unaposhuka kutoka mlimani hata jirani asimwone jirani, hapo ndipo vijana hunijia barazani. Hawataki shauri la mbolea. Wataka niwaambie nani atapanda na nani atashuka.

Wengi hudhani kwamba utamu wa ligi ni ubingwa. Kwa watu wa Dar es Salaam huenda ni kweli, maana ubingwa ni wao. Mtibwa Sugar ya Morogoro iliutwaa mara mbili mfululizo, mwaka 1999 na 2000. Tangu hapo kombe halikutoka tena mjini kwao: ama Simba, ama Yanga, na mara moja tu Azam, mwaka 2014. Msimu wa 2024/25 nao lilikwenda Yanga. Sisi wa nyanda za juu twautazama ubingwa kama mtu aitazamavyo harusi ya tajiri kupitia dirishani. Harusi yetu, na matanga yetu pia, yako katika mechi za mchujo.

Kwa wale wasiozifuata habari hizi nieleze kidogo. Ligi Kuu ina timu 16. Mbili za mwisho hushuka moja kwa moja, hazina rufani. Timu ya 13 na ya 14 hukutana zenyewe kwa zenyewe, mara moja huku na mara moja kule. Itakayoshinda imepona. Itakayoshindwa haijafa bado, ila yapaswa kupambana tena na timu inayotoka chini, ile iliyoshinda mchujo wa nafasi ya tatu na ya nne katika daraja la pili kwa ukubwa, ambalo siku hizi huitwa Championship. Hapo ndipo roho za watu hukaa juujuu. Kazi ya mwaka mzima yaamuliwa kwa dakika 180.

Mkoa wetu wa Mbeya waijua sana njia hii. Mbeya City ilipoingia Ligi Kuu msimu wa 2013/14 ilimaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, na basi la kwenda uwanja wa Sokoine lilipotoka Tukuyu siku ya mechi hata mlangoni hapakuwa na pa kukanyaga. Timu ile ikakaa juu misimu 10. Mwaka 2023 ikaangukia mchujo, ikashindwa na KMC, kisha ikakutana na Mashujaa ya Kigoma, na Mashujaa ndio waliopanda. Mbeya City ikashuka. Jioni ile niliwaona watu wazima hapa kijijini wakitembea kama waliotoka kumzika mtu. Ikawabidi kungoja hadi 2025, Mbeya City iliporudi pamoja na Mtibwa Sugar. Mwaka huo huo ndugu zao, Tanzania Prisons, walikuwa wakichungulia kaburi lile lile, wakaokoka kwa kuishinda Fountain Gate. Kwa hiyo msimu wa 2025/26 ulipoanza, mkoa ulikuwa na timu mbili juu.

Basi, vijana huniuliza: tata, watabirije wewe? Wanafikiri nina dawa. Sina dawa. Nina mambo machache niliyoyaona kwa kukaa miaka mingi nikisikiliza.

La kwanza, timu ya juu ikikutana na ya chini, mara nyingi ya juu hubaki. Mwaka 2024 Tabora United ilibaki mbele ya Biashara United, na mwaka 2025 Fountain Gate ilibaki mbele ya Stand United. Mashujaa walikuwa wameivunja kawaida hiyo mwaka uliotangulia, lakini kawaida haifi kwa kuvunjwa mara moja. Sababu yake si ngumu. Ile timu ya juu, hata ikiwa ya 14, imeshindana mwaka mzima na Simba na Yanga. Imezoea mzigo mzito. Ile ya chini ina furaha na mbio, lakini haijabeba mzigo ule. Mpanda mlima aliyezoea Rungwe hatishwi na kilima cha Kyimo.

La pili, natazama mechi tano za mwisho kuliko jumla ya pointi. Timu iliyokusanya pointi zake mwanzoni mwa msimu na kuja kufungwa kila wiki mwishoni imekwisha kufa ndani, ingawa yatembea. La tatu ni mishahara. Ukisikia wachezaji wananung'unika kwamba hawajalipwa, usihangaike kuuliza habari za washambuliaji. Mkulima asiyelipwa chai yake huiacha ikawa vichaka; mchezaji naye ni binadamu.

Kwa kanuni hizo napata kama mara saba katika kumi. Sisemi kwa majivuno, jirani zangu huhesabu, na huhesabu kwa ukali zaidi yale matatu.

Lakini kuna mwaka ambao hakuna kanuni ingaliweza kuukamata, nao ndio ulionifanya niwe hivi nilivyo. Mwaka 1986 nilikuwa kijana wa miaka 20. Tukuyu Stars, timu ya mji wetu huu mdogo wa mvua na migomba, ilikuwa imepanda Ligi Daraja la Kwanza, ambayo wakati ule ndiyo ilikuwa ligi ya juu kabisa. Wataalamu wote walisema timu za namna ile hupanda kwa ngazi na kushuka kwa kuteleza. Watu wakaiita Banyambala, yaani wanaume kwa Kinyakyusa. Walikuwamo akina Godwin Aswile na Asanga Aswile, na nyuma yao alikuwapo mfanyabiashara Ramnik Patel, ambaye mji mzima ulimwita Kaka. Sisi vijijini tulifuata habari kwa Radio Tanzania. Betri zikichoka tulizianika juani, na Rungwe kupata jua la kuanika betri ni muujiza wa pekee. Mwisho wa msimu Tukuyu Stars ndiyo iliyokuwa bingwa wa Tanzania Bara, mwaka wake wa kwanza juu.

Jambo hilo ni adimu ulimwenguni. Uingereza walilifanya Nottingham Forest mwaka 1978, na Ujerumani Kaiserslautern mwaka 1998: kupanda, na msimu ule ule unaofuata kutwaa ubingwa. Katika orodha hiyo fupi umo na mji wetu. Tena tazama upande wa pili. KenGold ya Chunya, mkoa huu huu wetu, ilipanda mwaka 2024 ikiwa bingwa wa daraja la chini, na mwaka 2025 ikashuka ikiwa ya mwisho. Siwacheki, maana hivyo ndivyo iwavyo kwa wengi. Natafuta tu kukuonyesha ukubwa wa lile la 1986.

Baadaye wachezaji wazuri waliondoka mmoja mmoja kufuata mji mkubwa. Sekilojo Chambua aliichezea Tukuyu Stars, halafu Yanga ikafaidi. Nani atamlaumu kijana akiitwa mahali penye malipo? Timu nayo ikateremka, na tangu siku hizo Rungwe twashangilia timu za wenzetu wa Mbeya mjini.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera. Zamani tulipotabiri barazani, aliyekosea alileta mkungu wa ndizi, ukapikwa, tukaula wote, mshindi na mshindwa. Mtu alirudi kwake amecheka na ameshiba. Siku hizi kijana akiniuliza nani atashinda mchujo, simu iko mkononi mwake na kidole kiko tayari. Hataki sababu zangu za mishahara na mechi tano za mwisho. Ataka jina la timu tu, alitie katika kile wakiitacho mkeka. Mwaka ule wa 2023 kijana mmoja wa jirani alichukua fedha za malipo ya chai, ambazo baba yake alimtuma kulipia ada ya mdogo wake wa kike, akaziweka zote kwa Mbeya City. Yule binti alikaa nyumbani sehemu ya muhula, akichuma chai, mpaka mjomba wake alipouza ndama.

Nilimwita yule kijana, nikachukua kijiti, nikaandika mavumbini. Mkeka wake wa kawaida, nilimwambia, una mechi 10, na ikikosewa moja tu umekosa zote. Tuseme kila mechi ina njia mbili tu, kushinda au kushindwa, tusahau sare. Mtu akikisia tu, atapatia zote 10 mara 1 katika 1,024. Akaniambia, lakini wewe, tata, wapata saba katika kumi. Nikamjibu, vema, tufanye hesabu ya mtu kama mimi. Tukazidisha, saba kwa saba kwa saba, mpaka mavumbi yakaisha. Mtabiri wa kupata saba katika kumi hukamilisha mkeka wa mechi 10 kiasi cha mara 3 katika 100. Zile 97 nyingine fedha huenda kwa mwenye duka la mikeka, ambaye hata kanuni ya offside pengine haijui.

Sheria yakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo hiyo, lakini simu ya baba haiulizi umri wa kidole. Nawaambia wazazi wenzangu waangalie hapo. Mimi nimeweka amri ndogo barazani pangu: atakaye utabiri wangu aweke kwanza simu yake kwenye ungo wa mke wangu, na mke wangu hana mzaha. Wengine walikasirika wakaacha kuja. Waliobaki sasa hubishana na mimi kwa sababu, na wawili kati yao wamekwisha kunishinda.

Na matumaini yangu? Nayo niyaseme, maana mpenzi wa mpira asiye na matumaini ni karani tu. Naitamani timu ya Rungwe katika mchujo. Simaanishi ubingwa. Mchujo wenyewe, ile nafasi ya nne ya kushika mlango, yanitosha kabisa. Nimeipima ngazi: ligi ya wilaya, kisha ya mkoa, ambako utawakuta wa Kyela, Mbarali, Chunya na wa jijini, kisha mabingwa wa mikoa yote, kisha First League, kisha Championship. Hata timu isipokwama mahali popote si chini ya misimu mitatu, na kila daraja lina safari zake. Nauli ya vijana 20 na zaidi kwenda Kigoma au Mara haitoki kwenye kofia iliyopitishwa sokoni mara moja. Mwaka 1986 alikuwapo Kaka. Sasa wamo wakulima maelfu wenye chai, parachichi na ndizi zinazojaza malori kila siku kwenye barabara ya Uyole. Kila mmoja akitoa kidogo kwa mwezi, na vitabu vya hesabu vikasomwa hadharani, nadhani nauli ingepatikana. Hilo la vitabu ndilo gumu zaidi kuliko la fedha, nami ninalitabiri kwa woga.

Vijana wapo. Jumapili alasiri ukipita Kiwira, Ushirika au Katumba utawaona, wanacheza katika matope ambayo mtu wa pwani angeyalimia mpunga, na mpira hauwapotei. Mpwa wangu hucheza nyuma upande wa kushoto katika timu ya kata. Ana miaka 17, na tayari mtu mmoja kutoka mbali amekuja kumtazama na kuandika jina lake kwenye daftari. Mama yake amefurahi. Mimi nimefurahi nusu.

Jumapili ijayo kata yetu inacheza na ya jirani, na mshindi ndiye atakayekwenda Tukuyu mjini kwenye ligi ya wilaya. Wenzetu wana mlinda mlango mrefu, ila mechi tano za mwisho wamefungwa katika nne. Nasema tutashinda 2 kwa 1, bao la pili likitoka upande wa kushoto. Simu ziko kwenye ungo, na nimekwisha kuuchagua mkungu wa kukata nikikosea.