Usimguse Baba Akiwa Amelala

Nimepotea humu kama wiki tatu, si mnajua mambo ya test na bumu kuchelewa. Leo sina stori ya kuchekesha.

Juzi usiku transfoma ya nyuma ya hosteli ililipuka. Mwenzangu wa chumba akacheka, akawasha tochi ya simu, akanikuta niko uvunguni mwa kitanda. Sikumbuki nilifikaje huko. Akaniuliza, "We shosti, umewahi kuwa vitani?"

Sijawahi. Vita ya Kagera iliisha 1979, mimi nimezaliwa zaidi ya miaka ishirini baadaye. Aliyekuwa vitani ni mzee. Aliondoka Singida na mgambo wenzake mwishoni mwa 1978, ana miaka 19, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera na daraja la Kyaka kulipuliwa. Stori anazotupa ni za ushindi tu: Mutukula, Masaka, Kampala kuanguka Aprili 11, 1979. Akiigiza mlio wa "Saba Saba", yale maroketi, wageni wanacheka mpaka basi. Sisi wa ndani hatucheki.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja: usimguse baba akiwa amelala. Unasimama mlangoni, unamwita taratibu, ukiwa tayari kukimbia. Kaka alisahau siku moja, akavunjwa mkono. Mzee alilia siku ile kuliko kaka. Halafu likafunikwa, maisha yakaendelea. Geti likilia jioni, tulikuwa tunasikiliza hatua zake, tunajua leo tuongee au tunyamaze. Mimi nilidhani kila nyumba iko hivyo, kweli tena.

Kwenye saikolojia tulisoma kwamba PTSD iliingizwa kwa jina hilo kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani 1980. Yaani mzee alikuwa kesharudi kijijini mwaka mzima! Nani angemuuliza habari za usingizi? Walisema ana hasira, wakamshauri aoe.

Na Bandura nimemkariri kwenye desa tangu mwaka wa kwanza, kwamba mtoto hujifunza kwa kumtazama mtu mzima. Nikajibu mtihani, nikapata B+, wala sikujitazama. (Dada yangu, tumelelewa nyumba hiyo hiyo, analala kama gogo. Kwa hiyo sisemi kila mtoto inampata.)

Kinachonitisha ni darasa. Kwenye mazoezi ya kufundisha, mtoto wa kidato cha pili aliangusha dawati. Nilimkaripia kwa sauti ambayo si yangu. Darasa zima likanyamaza, na ule ukimya niliujua. Ndio ukimya wetu geti likilia. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Mwakani nitakuwa na watoto arobaini mbele yangu kila siku. Basi nimeandika jina kwa mshauri wa wanafunzi, Jumatatu saa nne. Nilitaka kughairi mara mbili, mwenzangu wa chumba kanishikia bango.

Jana nikampigia mama kumwambia. Kimya kirefu, halafu akasema, "Mwanangu, ukishaongea naye, muulize na mtu wa miaka sitini na kitu kama wanampokea." Nikasikia mzee nyuma anauliza nani huyo. Mama akampa simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekula?"

Nikamwambia nimekula.