Bangili ya Kijani ya Mwenzetu

Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya maombi na kabla ya chai, kikundi chetu cha akina mama wa kanisani hapa Dodoma kina desturi ya kupimana presha. Tuko 11, na wawili kati yetu ni wauguzi. Mashine tuliinunua kwa michango ya mwaka mzima, nayo hukaa katika kapu moja na vitabu vya nyimbo. Alhamisi moja mwenzetu alipopandisha mkono wa gauni ili afungwe mkanda wa mashine, tukaona bangili mpya ya shanga za mawe, kijani kama embe bichi. Sote tukaisifu. "Mama, umependeza! Baba kakumbuka siku ya ndoa?" Akatabasamu tu.

Sisi wauguzi nasi tulisifu pamoja na wengine. Tunalisema hili mapema kwa sababu ndilo linalotuuma hata leo: tuliitazama bangili kabla ya kumtazama mwenye mkono.

Mashine ikaonyesha 192 kwa 114. Tukadhani imekosea. Tukamkalisha kimya dakika kumi, miguu chini, tukapima mkono wa pili: 188 kwa 112. Ndipo alipotuambia kwamba tangu juzi kichwa kinamgonga kisogoni na macho yanaona ukungu.

"Dada, dawa unakunywa?"

Akanyamaza. Akaizungusha ile bangili mkononi. "Nilipumzika kidogo," akasema. "Kijana aliyeniuzia mnadani aliniambia jiwe hili linavuta presha. Ukilivaa mkono wa kushoto, upande wa moyo, huhitaji vidonge."

Alikuwa amepumzika wiki saba. Bangili aliinunua kwa shilingi 25,000, fedha ya kuku wake.

Tulimpeleka hospitali jioni ile ile kwa bajaji, mmoja wetu kila upande, na Mungu ni mwema, alirudi nyumbani akitembea. Njiani tulijua jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. Dawa aliyokuwa akitumia ni amlodipini, ambayo kwa baadhi ya watu huvimbisha vifundo vya miguu. Miguu yake ilivimba, viatu vya Jumapili vikakataa kuingia, akaona haya kusema. Ikaja bangili isiyovimbisha chochote. Nani kati yetu asingeshawishika? Daktari alisikiliza, akambadilishia dawa. Ni jambo la kawaida kabisa kliniki. Aliyevimba miguu hurudi kwa daktari kupunguziwa kipimo au kupewa dawa nyingine, haachi kimya kimya. Presha ya 140 kwa 90 na zaidi, ikirudia hivyo siku mbalimbali, ni ugonjwa hata kama mtu hasikii lolote, na wengi hawasikii lolote mpaka siku ya kupooza.

Mkutano uliofuata ulikuwa mkali. Wengine walitaka bangili itupwe chooni, wakisema ni hirizi iliyovaa nguo ya urembo. Wengine wakasema mawe yote ni ya shetani tu. Mzee wetu mmoja, mama mwenye wajukuu wengi na maneno machache, akawatuliza. Akawauliza kama wamesahau kwamba Haruni kuhani alivaa mawe 12 kifuani, yenye majina ya makabila, na kwamba Rebeka alivishwa bangili kisimani. Halafu akafungua Ufunuo sura ya 21, akatuonyesha misingi ya mji mtakatifu. Msingi wa kumi ni krisopraso. "Na hilo krisopraso," akasema, "watu wanalichimba Haneti, hapo kwetu Chamwino. Mmelisoma miaka yote hamjui kama ni jirani yenu."

Kweli hatukujua. Wataalamu husema majina ya mawe katika vitabu vya kale hayalingani kila mara na mawe yanayoitwa hivyo leo, lakini jiwe la kijani la Haneti linaitwa krisopraso ulimwenguni kote, na ukijani wake unatokana na madini ya nikeli. Tukaingiwa na hamu. Na mwenye bangili mwenyewe akauliza swali ambalo sisi wote tulikuwa tumelisahau katika ugomvi: "Je, jiwe lenyewe ni la kweli?"

Ndugu wa mmoja wetu aliwahi kuchimba Haneti na sasa hukata na kung'arisha mawe. Tulimwendea Jumamosi, tukamkuta uani na mashine yake ya kusagia, mikono myeupe kwa vumbi. "Mbukwenyi," akatusalimu, akatuandalia mkeka. Saa mbili tulizokaa pale zilitufundisha mengi kuliko tulivyotarajia.

Alituambia kwanza tushike. Jiwe la kweli ni baridi mkononi na huchelewa kupata joto. Plastiki hupata joto mara moja na ni nyepesi. Kioo ni kigumu kukitambua kwa mkono, lakini ukikiinua kwenye mwanga mara nyingi utaona vipovu vidogo vya mviringo ndani yake. Kisha tazama kama shanga zote zinafanana mno. Jiwe lina mawingu, mishipa, mahali pa kufifia. Shanga 22 zenye rangi moja kabisa zikutie shaka. Mwisho tazama tundu. Mawe meupe yasiyo na thamani kubwa hutiwa rangi, na rangi hiyo hujikusanya penye nyufa na kando ya tundu, kama wino kwenye karatasi. Akatwambia tulete pamba na spiriti. Hapo wauguzi tulichekwa, maana tulikuwa navyo mkobani tayari.

Tukapitisha pamba kwenye shanga za mwenzetu. Ikatoka kijani.

Kimya kikatanda. Tulidhani atalia. Badala yake akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe hata uongo wenyewe ulikuwa wa bandia!"

Tangu siku ile tumekuwa tukiulizwa na akina mama wengine kuhusu bangili hizi, kwa kuwa zimeenea sana na wengi huzipenda kwa zawadi za harusi na kipaimara. Basi tueleze tunayoyajua.

Nchi yetu haina haja ya jiwe la bandia. Tanzanaiti iligunduliwa Mererani mwaka 1967 na haichimbwi kokote kwingine duniani. Huku kwetu, kando ya krisopraso ya Haneti, kuna Winza katika Wilaya ya Mpwapwa, ambako rubi zilianza kuvuta wachimbaji na wanunuzi kutoka mbali mwaka 2007 na 2008. Lakini jiwe zuri la pete si lazima liwe jiwe zuri la bangili. Mkono hugonga meza, mlango, sufuria, ukingo wa kitanda cha mgonjwa. Mjerumani mmoja, Mohs, alipanga mwaka 1812 ngazi ya ugumu wa mawe, 1 hadi 10, almasi ikiwa juu. Krisopraso na akiki zipo kati ya 6 na nusu na 7, nazo huvumilia. Malakiti, lile la kijani lenye mistari linalotoka Kongo, halizidi 4. Ni zuri shingoni, mkononi litachakaa haraka. Tanzanaiti nayo hupasuka ikigongwa, licha ya bei yake.

Kwa sisi wa Dodoma liko jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Vumbi letu hili, linaloingia mpaka ndani ya sanduku lililofungwa, lina chembe za mchanga wa kwazi, na kwazi ina ugumu wa 7. Maana yake ukiifuta bangili yenye vumbi kwa kitambaa kikavu, unaipiga msasa. Tulikuwa tukifanya hivyo sote, tena kwa bidii! Isuuze kwanza kwa maji ya uvuguvugu, tia sabuni kidogo isiyo kali, pitisha mswaki laini wa mtoto, suuza tena, kisha ianike kivulini juu ya taulo. Usiianike juani. Krisopraso inaweza kufifia kwa jua kali na joto, na jua la Oktoba hapa kwetu halina huruma. Dawa ya klorini ya kufulia isiiguse kabisa. Mafuta, losheni na manukato vitangulie, bangili ivaliwe mwisho. Ukifika nyumbani ivuliwe ya kwanza, kabla ya kushika mwiko.

Kuhusu kipimo, zungusha uzi kwenye kiwiko cha mkono, yaani pale saa inapokaa, kisha ongeza sentimita moja na nusu au mbili. Mama mjamzito aongeze zaidi au asivae kabisa miezi ya mwisho, kwani mikono huvimba. Na mikono ikivimba ghafla, pamoja na uso, basi si habari ya bangili tena. Aende kliniki siku hiyo hiyo akapimwe presha na mkojo. Tumewahi kukata bangili ya mzazi kwa mkasi wa kitovu. Hakufurahi, lakini mkono ulipona.

Uzi wa mpira ni rahisi kuvaa na ni rahisi kukatika. Badilisha kila mwaka, au mara uonapo unalegea na kuonyesha nafasi kati ya shanga. Mmoja wetu alikatikiwa wakati wa sadaka, shanga zikakimbia chini ya viti hadi kwa wazee wa kanisa, na kwaya ikashindwa kuimba kwa kicheko. Tunacheka, lakini nyumbani penye mtoto anayetambaa si jambo la kuchekesha. Shanga moja yatosha kuziba koo. Kwa hiyo tunapenda uzi imara wenye fundo kati ya kila shanga, ili ukikatika idondoke moja tu. Na mtoto mchanga asifungwe shanga mkononi usiku, hata kama bibi amesisitiza. Bibi aelezwe kwa adabu.

Kazini sisi wauguzi hatuvai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unahimiza kwa nguvu kutovaa mapambo mkononi wakati wa kuhudumia wagonjwa, kwa sababu vijidudu hujificha chini yake na maji ya sabuni hayafiki. Hata nyumbani, ukikanda unga au kumwosha mgonjwa, ivue.

Katika mazungumzo haya mama mmoja aliuliza kwa unyonge kuhusu shanga za bibi yake, nyekundu, ndogo, alizorithi, kama nazo ni vito. Hapana, ni kioo. Karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ilipopita Ugogo ililipa hongo kwa watemi ili ipate maji na njia, kwa nguo, nyaya na shanga, na shanga nyingi za biashara hiyo zilitengenezwa Venice huko Italia. Nyekundu ziliitwa samisami. Tulimwambia asiziuze kwa bei yoyote. Kwetu sisi zina thamani kuliko krisopraso.

Na yule kijana wa mnadani? Hatukumwona tena. Ila wengine kama yeye wapo, wenye bangili za sumaku na za shaba. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwavisha wagonjwa 70 wa baridi yabisi bangili za shaba na mikanda ya sumaku, za kweli na za bandia kwa zamu. Hazikupunguza maumivu wala uvimbe kuliko zile za bandia. Tuliwasomea akina mama habari hiyo, na tangu hapo tumebadili utaratibu wetu wa Alhamisi. Kabla mkanda haujafungwa, kila mmoja anaulizwa faraghani: dawa unakunywa, na inakufanyia nini? Wiki ya kwanza ya kuuliza hivyo, wawili zaidi walisema wameacha. Mmoja ni kwa nauli, mwingine ni kwa sababu mume alimwambia vidonge vinamchosha mwanamke. Huyo wa pili bado tunazungumza na mumewe, taratibu, kupitia wazee.

Tulimchangia mwenzetu ili anunue krisopraso ya kweli ya Haneti. Akakataa. Alisema fedha hizo tumpe yule wa nauli, nasi tukafanya hivyo. Bangili yake iliyotiwa rangi anayo mpaka leo, imefifia na kuwa kama majani ya chai yaliyochemshwa mara mbili. Huiweka usiku ndani ya kikombe cha bati pamoja na vidonge vyake; asubuhi hawezi kuivaa bila kuvishika. Mwezi uliopita mashine ilionyesha 134 kwa 82. Uzi ameubadilisha mwenyewe, kwa mafundo. Shanga moja ilipotea siku ya kuutia upya, na baada ya kuhamisha makochi yote tuliipata mdomoni mwa paka.