Safari Yangu ya Kutafuta Lugha

Wahenga walinena kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Lakini yako mambo ambayo mtu huyafuata mbali sana, kisha akatambua kwamba aliyaacha mlangoni kwake. Mimi ni karani wa serikali hapa Kilifi, na leo napenda kuwaeleza habari za mwaka mmoja nalioutumia Ufaransa na Hispania katika kujifunza lugha. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu safari ile ilinionyesha kosa langu mwenyewe, nami nadhani kosa hilo si langu peke yangu.

Nalizaliwa karibu na Malindi katika nyumba ya Kigiriama. Kila mkaaji wa Malindi ajua kwamba huko Kiitaliano husikika madukani na ufukoni kila siku. Waitaliano walijenga kituo chao huko Ngomeni, na mwaka 1967 wakarusha setilaiti kutoka baharini. Baadaye wakaja watalii wao, na vijana wetu wakaishika lugha yao kwa masikio tu, pasipo kitabu wala mwalimu. Nami nalikiokota hivyo utotoni. Nalipomaliza shule ya sekondari ya misheni nikapata kazi, nikawa nakwenda Mombasa kila Jumamosi kujifunza Kifaransa, kisha na Kihispania kidogo. Mwisho tamaa ikanishika ya kuzisikia lugha hizo kwa wenyewe. Naliomba likizo ya mwaka mmoja bila mshahara. Akiba yangu ya miaka sita haikutosha, baba akauza ng'ombe wawili na korosho za msimu ule.

Juma la mwisho kabla ya kuondoka, alikuja dirishani kwangu bikizee mmoja kutoka pande za Vitengeni. Alitaka cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake, ili mtoto aandikishwe shuleni. Alieleza shida yake kwa Kigiriama, na kila neno nalilielewa. Lakini watu walikuwa wengi nyuma yake, tena wenzangu walikuwa wakisikiliza. Nikamjibu kwa Kiswahili cha ofisini kwamba arudi na mtu ajuaye kusema vizuri. Alikunja karatasi zake polepole, akazifunga katika pindo la leso, akaenda zake.

Septemba 2018 nalifika Rennes, mji mkuu wa Bretagne, upande wa magharibi ya Ufaransa. Asubuhi ya kwanza naliingia katika duka la mikate, nikaomba mkate kwa sentensi nzuri ambayo naliitunga njiani. Mwuzaji akaniambia, "Bonjour, monsieur." Nikaomba tena. Akasema tena, "Bonjour, monsieur." Mara ya tatu ndipo nalipotambua kwamba sikumwamkia. Naliona haya, maana mtu wa pwani asiyepiga hodi ni mtu wa namna gani? Tangu siku ile nalifahamu kwamba sarufi si lugha. Lugha ni adabu kwanza, na maneno hufuata.

Baada ya siku chache nalikwenda katika ofisi moja ya serikali, ambayo sina haja ya kuitaja, kutafuta hati ya kukaa katika nchi. Karani alikuwa nyuma ya kioo. Alisema upesi upesi. Mimi nikaitikia "oui, oui" kila mara, wala sikuelewa hata robo. Kesho yake nikaleta karatasi isiyotakiwa. Akapumua kwa nguvu, akarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba mimi ni kiziwi. Nyuma yangu watu walikuwa wakitazama saa zao. Nalikuwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini, nami nimezoea kugonga mihuri na kutia sahihi, lakini pale nalikuwa kama mtoto asiyejua kuvaa viatu. Nikakunja karatasi zangu polepole. Na nalipokuwa nikizikunja, nalimkumbuka bikizee wa Vitengeni.

Siku ya tatu alikuwapo karani mwingine, mama mtu mzima. Alinitazama, akatoka nyuma ya kioo, akaketi nami katika benchi. Akagusa kila karatasi kwa kidole na kuitaja jina lake pole pole, akaniandikia juu ya kipande cha karatasi ile iliyopungua. Haikuchukua zaidi ya dakika tano. Dakika hizo zilinifundisha Kifaransa kingi, na ukarani zaidi.

Huko Bretagne nalipata kujua jambo jingine. Barabarani vibao vingi vimeandikwa lugha mbili, na Rennes yenyewe huitwa Roazhon katika lugha ya Kibretoni. Nalimwuliza mwalimu wangu habari za lugha hiyo. Akanieleza kwamba zamani, mpaka karibu na katikati ya karne ya 20, mtoto wa shule aliyesikiwa akisema Kibretoni alifungwa shingoni kitu cha aibu, pengine kiatu cha mti au kipande cha ubao, akakaa nacho hata amsikie mwenziwe akikosa vile vile, ndipo ampe yeye. Naliposikia hayo nalinyamaza kimya. Mimi nami nalivaa ubao kama ule katika shule nalikosoma, kwa sababu ya kumwambia rafiki yangu kwa Kigiriama kwamba mvua inakuja. Nalidhani siku zote kwamba aibu ile ilitengenezwa kwa ajili yetu sisi Waafrika. Kumbe Wafaransa waliwavika watoto wao wenyewe. Leo Wabretoni wengi wazee wasikitika kwamba wajukuu wao hawawezi kuongea nao kwa lugha ya nyumbani, na shule zimefunguliwa za kuirudisha. Lakini kurudisha ni kazi kuliko kutunza.

Mwezi wa Februari 2019 nalihamia Salamanca, katika Hispania. Chuo kikuu chake kiliasisiwa mwaka 1218, na katika mji huo Antonio de Nebrija alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kikastilia mwaka 1492, miaka sita kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi. Hapo nalikutana na maajabu ya kupendeza. Mwenye nyumba wangu aliniwekea chakula mezani, nayo meza aliita mesa. Bendera aliita bandera, na mvinyo ni vino. Maneno hayo sisi tuliyapata kwa Wareno, ambao lugha yao ni ndugu wa Kihispania. Hali kadhalika Waarabu walikaa Hispania karne nyingi, wakaacha maneno yao huko kama walivyoyaacha kwetu: sukari ni azúcar; neno letu "hata" na neno lao hasta ni neno moja la Kiarabu; na mkuu wa mji wao, alcalde, jina lake latokana na kadhi. Basi mtu wa Malindi aliketi mbali na kwao, akawa asikia jamaa zake wakiitwa majina katika kila chumba. Naliandika barua kwa baba juu ya hayo, naye akacheka sana.

Mpangaji mwenzangu alikuwa mtu wa Barcelona. Aliniambia kwamba katika utawala wa Jenerali Franco, tangu 1939 hata 1975, lugha yao ya Kikatalani iliondolewa mashuleni na maofisini. Katiba yao ya 1978 ikairudishia heshima katika nchi yao. Aliponiuliza kwetu hali ikoje, nalimjibu kwamba Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, yaamuru Serikali ikuze na kulinda lugha za wenyeji. Akaniuliza, "Na wewe ofisini huwajibu watu kwa lugha gani?" Sikupata la kusema.

Nalirudi Kilifi mwezi wa Agosti. Siku ya kwanza kazini nalifungua madaftari ya mwaka uliopita, nimtafute yule bikizee, nijue kama mjukuu wake alipata cheti. Nalitafuta asubuhi nzima. Ndipo nalipokumbuka kwamba siku ile sikumwuliza jina lake, wala la mtoto. Mpaka leo sijui kama mtoto yule aliandikishwa.

Wasomaji, sisemi kwamba tusijifunze lugha za watu. Kiswahili ni lugha ya taifa letu, Kiingereza chatulisha wengi, na mwenye uwezo wa kwenda ng'ambo na aende. Atarudi na masikio mapya. Lakini wazee wametuonya, usiache mbachao kwa msala upitao. Dirishani kwangu sasa kipo kiti upande wa nje. Ajapo mzee, huliacha dirisha nikaenda kuketi karibu naye, nikamwamkia kwa Kigiriama kama mtu amwamkiavyo bibi yake. Na kabla ya kuuliza shida yake, nauliza kwanza jina.