Noti niliyoificha chini ya leseni

WAHENGA walisema haraka haraka haina baraka. Methali hiyo nilifundishwa nikiwa darasa la tatu, lakini ilinichukua miaka mingi, pamoja na Sh11,000, kuielewa barabara.

Ilikuwa siku ya soko, mwaka wa 2024. Nilikuwa natoka upande wa Oyugis nikiteremka kutoka Chabera kwenda Sondu, katika barabara kuu ya Kisii na Kisumu. Mama yangu, ambaye huuza omena katika soko la Sondu, alikuwa akinisubiri nimchukue twende naye Kisumu kabla ya giza kuingia. Kiti cha nyuma alikuwa mwanangu wa miaka tisa, amelikumbatia nanasi tulilomnunulia nyanya yake.

Nilivuka daraja la mto Sondu bila kupunguza mwendo. Sikuyaona matoroli wala bodaboda. Macho yangu yalikuwa kwenye saa. Nilichokiona ni mkono wa askari wa trafiki ukiniamuru nisimame.

"Hujambo, mama? Unajua ulikuwa ukienda kwa kasi gani?"

"Sijui, afande."

Akanionyesha chombo cha kupimia mwendo. Kilomita 68 kwa saa! Mwisho wa sheria mahali kama pale, penye maduka na watu, ni 50.

"Leseni tafadhali."

Nilipoitoa kwenye mkoba, jasho jembamba lilinitoka. Leseni yangu ilikuwa imekwisha muda wiki tano zilizopita. Nilikuwa nimejiambia ningeshughulikia jambo hilo kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine.

Msomaji, sitakuficha kitu. Nilianza kupiga hesabu. Kulingana na kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka wa 2016, anayezidisha mwendo kwa kilomita moja hadi tano hupewa onyo. Akizidisha kwa sita hadi 10, faini ni Sh500. Kati ya 11 na 15 ni Sh3,000, na kati ya 16 na 20 ni Sh10,000. Mimi nilikuwa nimezidisha kwa 18. Kukosa kufanya upya leseni ni Sh1,000 nyingine. Na katika mkoba wangu mlikuwa na pesa za karo ya mtoto huyo huyo aliyekuwa nyuma yangu.

Askari hakuniomba chochote. Ni mimi niliyeitoa noti ya Sh1,000, nikaiweka chini ya leseni na kuvishika vyote viwili kwa vidole viwili, kama mtu aliyezoea. Na kusema kweli, haikuwa mara yangu ya kwanza.

"Mama," mwanangu aliuliza kwa sauti, "hiyo pesa ni ya nini?"

Nilinyamaza. Askari naye alinyamaza, akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. Sijui yeye alifikiria nini. Mimi nilitafuta jibu, nikapata moja tu.

"Ni ya faini," nikasema.

Baada ya kumwambia mtoto hivyo, ilibidi iwe kweli. Niliirudisha noti mkobani nikampa askari leseni peke yake. Akaandika. Nikafuatana naye hadi kituoni, nikalipa dhamana, nikapewa risiti na tarehe ya kufika mahakamani.

Huko mahakamani nilikaa benchi moja na madereva wa matatu, makanga na vijana wa bodaboda. Mimi niliyezoea kwenda kortini na kalamu kuandika habari za wengine, siku hiyo jina lililoitwa lilikuwa langu. Nilisomewa mashtaka mawili nikakubali yote. Hakimu alinitoza Sh10,000 kwa mwendo na Sh1,000 kwa leseni. Mambo yalichukua dakika chache, lakini karo ilinibidi kuilipa kwa mafungu mawili, na barua ya kumwomba mwalimu mkuu anivumilie niliiandika kwa mkono wangu.

Leseni yenyewe? Niliifanya upya kwa simu, kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, nikiwa nimeketi jikoni nikingojea maji ya ugali yachemke. Kazi iliyonishinda kwa wiki tano!

Nilimkumbuka marehemu baba, aliyekuwa dereva wa lori. Enzi zake leseni ilikuwa kijitabu chekundu, kabla ya kadi hizi za sasa zilizoanza kutolewa mwaka wa 2017. Alikifunga katika karatasi ya nailoni na kukiweka pamoja na cheti chake cha ubatizo. "Hili ndilo jembe langu," alikuwa akisema. Tarehe ya kukifanya upya hakuwahi kuisahau.

Lakini yaliyoniuma zaidi hayakuwa ya mahakama. Jioni ile niliposhikwa, nilimpata mama sokoni amekwisha kufunga biashara yake, amekaa juu ya gunia. Nilimweleza kwa nini nilichelewa, nikitarajia kuonewa huruma. Aliuliza jambo moja tu: "Ulishikwa wapi hasa?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Mimi huvuka hapo hapo kila asubuhi," alisema, "na beseni la omena kichwani. Ukiwa na beseni kichwani huwezi kugeuza shingo haraka."

Sikuwa na la kujibu. Gari linaloenda kilomita 68 kwa saa hukata karibu mita 19 kwa sekunde moja. Kabla dereva hajauhamisha mguu wake hadi kwenye breki, mama mwenye beseni amekwisha fikiwa.

Mwaka uliofuata, mnamo Agosti 2025, basi lililokuwa limewabeba waombolezaji kutoka mazishi Nyahera wakirudi Nyakach lilianguka mjini Kisumu, na zaidi ya watu 20 wakafa. Polisi walisema lilikuwa likienda kwa kasi. Kilio kilisikika vijijini mwetu kwa siku nyingi. Kila nilipowaona waliofiwa, nilikumbuka daraja la Sondu na saa niliyokuwa nikiitazama.

Wengi wetu huwalaumu polisi kwa hongo, na kweli wapo wanaostahili lawama. Lakini anayetoa pia ni mkosaji. Sheria ya hongo ya mwaka wa 2016 inaweza kumfunga hadi miaka 10 au kumtoza hadi Sh5 milioni. Zaidi ya hayo, noti ile ingeniruhusu kuondoka pale kwa mwendo ule ule, na leseni ile ile iliyokwisha. Faini iliniuma, na uchungu huo ndio unaoushikilia mguu wangu mpaka leo.

Kabla ya kuliwasha gari tena, ndugu msomaji, itoe leseni yako uisome tarehe. Na ukifika mahali penye soko, punguza mwendo.

Mwanangu bado anasafiri nami. Siku hizi, tukikaribia daraja la Sondu, huinuka na kuchungulia begani kwangu kutazama mshale wa mwendo. Ukishuka chini ya 50, hurudi kuketi.